Pesa za misitu ya Congo: kutoka sheria ya 2002 hadi ahadi ya dola milioni 500

Mwezi wa 11 mwaka 2021, huko Glasgow, Rais Félix Tshisekedi alikubaliana na wafadhili wa CAFI, mpango wa kulinda misitu ya Afrika ya Kati, juu ya dola milioni 500 kwa miaka mitano. Mwaka 2016 wafadhili hao walikuwa wameahidi dola milioni 200. Lakini historia ya pesa za misitu nchini Congo ni ndefu zaidi, na wakaaji wa vijiji wanaijua kwa jinsi ilivyowapita.

Hadi mwaka 2002, biashara ya mbao iliongozwa na amri ya wakoloni wa Ubelgiji ya mwaka 1949. Wakati wa vita, makampuni mengi yalishika maeneo makubwa ya msitu bila kuyafanyia kazi. Mwaka 2002 serikali ilifuta mikataba 163, iliyofunika hekta zaidi ya milioni 25. Mwezi wa 5 ilikataza kutoa mikataba mipya, na tarehe 29 mwezi wa 8 Rais Joseph Kabila akatia sahihi Sheria ya Misitu. Banki ya Dunia iliunga mkono mageuzi hayo.

Sheria hiyo ilitaka kazi ya mbao iwe ya kisasa. Magogo yapasuliwe hapa nchini: kampuni yenye kiwanda inaruhusiwa kupeleka nje magogo mazima kwa miaka 10 tu, na yasizidi 30% ya mbao inazovuna kwa mwaka. Mfuko wa Taifa wa Misitu uliundwa ili kulipia upandaji wa miti. Tena, kodi ambayo kampuni inalipa kwa kila hekta inagawanywa: 60% kwa hazina ya taifa, 25% kwa jimbo, na 15% kwa utawala wa mahali. Hiyo 40% ya majimbo na mahali ni ya barabara, shule na vituo vya afya tu.

Kwa maandishi, kijiji kilipata haki. Kwa matendo, pesa nyingi zilibaki Kinshasa. Mwaka 2005 mashirika ya Wambuti na ndugu zao wengine wa msituni yalishtaki mbele ya jopo la ukaguzi la Banki ya Dunia yenyewe. Mwaka 2007 jopo liliwapa haki: mageuzi yalitazama sana mbao na kuwasahau watu wanaoishi kwa msitu.

Serikali ilichunguza mikataba ya zamani 156, na mwezi wa kwanza 2009 ikakubali 65. Hata hivyo, mwaka 2022 wakaguzi wa fedha wa serikali (IGF) walionyesha kwamba mawaziri waliofuatana waligawa misitu bila kuheshimu katazo la 2002.

Huku mashariki, msitu ni jiko pia. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipopiga kambi karibu na Goma, miti ya Virunga ilikatwa kila siku kwa kupikia, na UNESCO ikaiweka mbuga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Leo familia zilizokimbia vita bado zinapikia kuni na makala. Mama aliye kambini hawezi kuacha kukata mti kama hana kingine cha kuwashia moto. Pesa za misitu zisipofika kwenye jiko lake, msitu hautapona.

Tangu 2014, jamii inaweza kuomba msitu wake yenyewe, hadi hekta 50.000. Na penye kampuni ya mbao, sheria inaidai kuandika mapatano ya kazi za jamii. Wazee, akina mama na vijana wanaweza kuomba kuyaona mapatano hayo, na kuuliza ile 15% ya mahali pao ilikwenda wapi.