Mbolea ya Ruzuku

Wakati wa Korona sisi wakulima wa Rungwe hatukupewa fedha mkononi kama wenzetu wa Marekani mwaka 2020. Nafuu ilikuja baadaye, tena kwa njia ya mbolea. Bei ilikuwa imepanda mno, na vita vya Ukraine vikaongeza. Tarehe 8 Agosti 2022 Rais Samia alizindua ruzuku Nanenane Mbeya. Mfuko wa DAP wa kilo 50, uliofika kama shilingi 130,000, ukawa 70,000.

Lakini lazima ujiandikishe kijijini, uwe na namba ya simu. Kwa wengi wetu simu ni ya mzee, na shamba nalo linaitwa lake, hata kama jembe tunashika sisi! Basi tukakopeshana hela za kikundi, tukanunua visimu vidogo, kila mama akaandikwa kwa jina lake. Viazi vya msimu ule tuliviuza wenyewe, na hela tukahesabu wenyewe.