Miaka 50 ya Kituo cha Ramani cha Kasarani

Kituo hiki kilizaliwa Nairobi mwaka 1975, chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Jina lake la kwanza lilitaja huduma za upimaji, ramani na uchunguzi wa dunia kutoka angani. Lilikuwa refu kiasi cha kujaza bahasha. Leo ni Kituo cha Kikanda cha Ramani za Rasilimali kwa Maendeleo, RCMRD, nalo si fupi sana. Afrika Magharibi ilikuwa imetangulia mwaka 1972 kwa kuanzisha chuo chake cha upimaji wa angani huko Ile-Ife, Nigeria.

Kilichozikutanisha serikali kilikuwa gharama. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, ya Marekani, ilikuwa na miaka mitatu tu angani, na kuzisoma picha zake kulihitaji mitambo na wataalamu ambao kwa nchi kama Lesotho au Komoro kuwa nao peke yake kungekuwa mzigo mzito. Picha zenyewe ziliuzwa. Hata mwanzoni mwa miaka ya 2000, picha moja ya Landsat 7, yenye upana wa kilomita 185, ilikuwa dola 600, na Tanzania haienei ndani ya picha moja wala kumi.

Mwaka 2008 Marekani ilifungua ghala la Landsat, picha zikawa bure. Mwaka huohuo NASA na USAID, shirika la misaada la Marekani, walileta Kasarani, kilipo kituo jijini Nairobi, mpango wa SERVIR wa kuzitumia picha za setilaiti katika maendeleo, uliokuwa umeanzia Amerika ya Kati. Ungedhani kituo kimepokonywa kazi. Ikawa kinyume: picha zilijaa, wasomaji wake wakawa haba, na darasa likawa na uzito kuliko ghala.

Somo lenyewe si jepesi. Setilaiti hupima pia mwanga ambao jicho halioni, na jani lenye afya huurudisha kwa wingi; kwenye picha, mwanga huo mara nyingi hupewa rangi nyekundu. Kwa hiyo msitu na shamba la chai vyote huweza kutokea vyekundu kwenye skrini, na ofisa misitu asiyeufahamu uwanda atavihesabu pamoja. Lazima aende huko na GPS, asimame, aandike anachokiona. Kabla ya Mei 2000, Marekani ilipokuwa ikivuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa raia, kifaa kiliweza kukosea kwa mita 100: umesimama kwenye chai, nacho kinakuweka msituni. Tangu 2015 setilaiti ya Ulaya, Sentinel-2, inaonyesha vitu vya mita 10, lakini safari ya uwandani haijafutwa, na sioni itakavyofutwa.

Chai hiyohiyo ndiyo iliyowapa wakulima wa Kenya sababu ya kukijali kituo. Kwa vipimo vya joto la ardhi vya setilaiti, wataalamu wake na wa Idara ya Hali ya Hewa walianza kuchora ramani za mashamba yanayopigwa na sakitu.

Jubilii imeangukia mwaka mgumu. USAID, iliyouleta SERVIR pamoja na NASA, ilifungwa 2025. Nchi wanachama sasa ni 20, kutoka Sudan hadi Afrika Kusini, na kwa maoni yangu ada ya kumfundisha ofisa misitu wa Malawi au Rwanda ingepaswa kuwa kwenye bajeti zao tangu zamani, hata wafadhili walipokuwa wakarimu.