Mshauri wa kuingia chuo: Anachouza na asichoweza kuuza

KILA matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, wazazi ambao watoto wao wamepata alama za juu huanza kutafutwa na watu wanaojitambulisha kuwa washauri wa masomo ya ng'ambo. Miongoni mwao wamo wataalamu wanaoijua kazi yao, na wamo madalali ambao huenda wakamfanya mzazi auze shamba na kubaki na mtoto asiye na chuo.

Kazi yenyewe, ya kumwongoza kijana mmoja na jamaa yake hatua kwa hatua hadi apate nafasi chuoni, imekita mizizi Marekani. Huko kuna watu wanaoifanya kwa malipo, nje ya shule, na chama chao kimojawapo kinachofahamika kwa ufupi kama IECA kilianzishwa mwaka 1976.

Ili kuielewa, ni vyema Mkenya akumbuke kwamba mfumo wa Marekani haufanani na wa hapa nyumbani. Nchini Kenya, idara ya KUCCPS hugawa nafasi kwa kuzingatia alama za mtahiniwa na kozi alizoteua. Hakuna anayemuuliza yeye ni nani, anapenda nini au Jumamosi zake huzitumia vipi.

Vyuo vingi vya Marekani, hasa vile vyenye waombaji wengi kuliko nafasi, huyauliza hayo yote. Pamoja na matokeo ya darasani, hutaka insha, barua za walimu na orodha ya shughuli za kijana nje ya masomo. Baadhi pia hutaka mtihani wa SAT au ACT. Vingi viliacha kuulazimisha janga la Covid-19 lilipozuka mwaka 2020, lakini MIT iliurejesha mwaka 2022, na vyuo vingine kama Harvard vikatangaza hatua sawa na hiyo mwaka 2024.

Zaidi ya vyuo 1,000 hupokea maombi kupitia fomu moja iitwayo Common Application, ambayo iliasisiwa na vyuo 15 mwaka 1975. Fomu hiyo ina nafasi ya shughuli 10 pekee na insha kuu isiyozidi maneno 650.

Shule za umma huko zina walimu washauri, ila wamelemewa. Kiwango kinachopendekezwa ni mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, ilhali katika mwaka wa masomo wa 2022-2023 wastani wa nchi ulikuwa 385. Ndipo mzazi mwenye uwezo akatafuta wa kumlipa. Saa moja huweza kugharimu dola 200 au zaidi, na mpango wa miaka kadhaa hufikia maelfu ya dola. Wapo wanaotoza kupita kiasi: mwaka 2018 kampuni moja ya New York ilimshtaki mama kutoka Vietnam ikidai hakuwa amemaliza kulipa ada ya dola milioni 1.5.

Mshauri mwema huanza kwa kusikiliza. Huketi na kijana peke yake, kisha na wazazi, kwa maana mara nyingi yale anayoyasema tineja mbele ya babake siyo anayoyasema akiwa pekee. Hapa ndipo penye ugumu wa kazi hii: anayelipa ni mzazi, lakini mwombaji ni mtoto. Baba anataka udaktari na jina la chuo ambalo majirani watalitambua. Binti anataka kusoma historia katika mji mdogo. Asiyeweza kuwapatanisha hao, hata akijua tarehe zote za vyuo, hajawasaidia.

Baada ya hapo huandaliwa orodha ya vyuo, vikiwemo vigumu, vya kadiri na angalau viwili ambavyo hapana shaka vitamkubali. Hufuata insha, na kijana hutakiwa kuiandika mwenyewe. Kazi ya mshauri ni kuuliza maswali: Ulijisikiaje siku hiyo? Mbona aya hii inasikika kama hotuba ya mkuu wa shule? Mwombaji hutia sahihi kuthibitisha kwamba kazi ni yake, na tangu mwaka 2023 kanuni za Common Application huhesabu kuwa ni udanganyifu kuwasilisha maandishi yaliyotungwa na kompyuta kama ya mtu mwenyewe.

Kwa kijana wa Kenya, aliyelelewa akiambiwa asijisifu mbele ya wakubwa, kuandika maneno 650 kujihusu ni mtihani kuliko hata SAT. Aghalabu huandika kuhusu umaskini wa kijiji chake badala ya kujiandika yeye.

Suala la pesa lafaa lijadiliwe katika kikao cha kwanza. Vyuo vichache, miongoni mwavyo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humfikiria mwombaji wa kigeni bila kujali uwezo wa kwao kifedha, na humfadhili kwa kadiri ya mahitaji yake akishakubaliwa. Vingine vingi hupima uwezo huo kabla ya kuamua. Mshauri asiyeuliza mapema jamaa inaweza kulipa kiasi gani anaandaa orodha ya vyuo visivyoweza kulipiwa. Aidha, kuna maombi ya mapema ambayo hutumwa Novemba na kumfunga kijana kwa chuo kimoja. Asitie sahihi kabla ya kujua karo itatoka wapi.

Kitu kimoja hakiuzwi kihalali, nacho ni nafasi yenyewe. Wanachama wa IECA hawaruhusiwi kumhakikishia mtu kuwa atakubaliwa, wala kupokea malipo kutoka kwa chuo kwa kukipelekea mwanafunzi. William Rick Singer wa California alijitangaza kuwa mshauri, kumbe alikuwa akiwahonga makocha na kupanga watu wa kusahihisha mitihani ya watoto wa matajiri. Machi 2019 viongozi wa mashtaka mjini Boston waliwafungulia kesi watu 50, na Januari 2023 Singer alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Mwigizaji Felicity Huffman, aliyelipa dola 15,000 ili alama za bintiye ziongezwe, alihukumiwa siku 14 gerezani.

Hapa Kenya, machungu ya ahadi za ng'ambo yanafahamika. Mnamo Agosti 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret kuhusu mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kuwapeleka vijana Finland na Canada, wakidai walitoa mamilioni ya pesa na watoto wao hawakusafiri. Suala hilo lilifikishwa mahakamani.

Hata hivyo, kuna mifano ya kutia moyo. KenSAP, iliyoanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners wa Marekani pamoja na mwanariadha Mike Boit, huteua wanafunzi werevu kutoka jamaa zisizojiweza, ikawaandaa kwa SAT na insha bila malipo. Mpango huo ulianzia Iten, na miaka ya mwanzo waombaji walikimbia mita 1,500 kama sehemu ya mchujo. Zawadi Africa, iliyoanzishwa na Susan Mboya mwaka 2002, huwasaidia wasichana, kwa kufuata nyayo za safari za ndege za babake, Tom Mboya, zilizowapeleka vijana 81 Marekani Septemba 1959.

Mzazi anayetaka kumlipa mshauri wa kibinafsi ana haki ya kumuuliza kama hupokea kamisheni kutoka kwa chuo anachokisifia, na ni nani ataandika insha. Aombe pia nywila ya akaunti ya maombi ibaki kwa mtoto, na kila ada ya chuo ilipwe moja kwa moja kwa chuo.

Kijana akishakubaliwa, husalia viza. Katika ubalozi wa Marekani mtaani Gigiri, mwombaji huulizwa ameteua chuo gani, kwa nini hicho, na nani atalipa. Hujibu peke yake. Mshauri na wazazi humngojea nje.