Mabaniani wa Pemba na dini isiyotafuta wafuasi

Anayeandika historia ya karafuu Pemba humfikia mapema Baniani, mfanyabiashara wa Kihindu kutoka India, na mara nyingi humkuta mahali pale pale: dukani Chake Chake au Wete, daftari mbele yake, na mwenye shamba amekuja kukopa. Picha hiyo ina ukweli, ila imemwacha mtu huyu bila dini. Alimwabudu nani? Kwa nini hakula chakula cha jirani yake? Kwa nini hakumwita Mpemba hata mmoja kwenye imani yake? Maswali hayo hayaulizwi sana, na pengo limezibwa na dhana kwamba Uhindu wenyewe ndio uliozaa riba na rehani. Naipinga dhana hiyo. Uhindu unatueleza namna Mabaniani walivyoishi kisiwani, kujitenga kwao na utulivu wa ibada yao. Chanzo cha deni kinatafutwa kwingine.

Wengi wa Mabaniani wa karne ya 19 walitoka Kutch, magharibi mwa India, na bandari yao kuu ilikuwa Mandvi. Walikuja na kaskazi wakarudi na kusi, kama walivyofanya wafanyabiashara wa India kwa karne nyingi kabla yao. Waliotajika zaidi walikuwa Wabhatia, jamaa ya Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi tangu enzi ya Seyyid Said. Pemba iliingia mikononi mwa Mabusaidi, ukoo wa Seyyid Said, mwaka 1823, baada ya kutolewa kwa Mazrui wa Mombasa, lakini uzito wa karafuu ulihamia huko hasa baada ya kimbunga cha Aprili 1872. Kimbunga hicho kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu yote imesimama. Mashamba yakapanuka, na fedha za kupalilia na za mchumo zikatafutwa dukani.

Dini waliyokuja nayo watu hawa haina mwasisi mmoja, wala kitabu kimoja chenye kauli ya mwisho. Ina Veda, maandiko yake ya kale kabisa, na ina Bhagavad Gita, ambamo Krishna anamfundisha Arjuna wajibu wake vita vikiwa karibu kuanza. Wahindu walio wengi huamini kwamba roho haifi na mwili, kwamba huzaliwa tena kwa kadiri ya matendo yake, yaani karma, na kwamba tumaini la mwisho ni kufunguliwa kutoka mzunguko huo. Ndiyo sababu maiti huchomwa: mwili umemaliza kazi yake na roho inaendelea na safari. Kila mtu ana dharma, wajibu unaolingana na umri wake, ukoo wake na hali yake. Mungu huabudiwa kwa majina mengi, Vishnu, Shiva, au Mama mwenye nguvu zote, na wengi husema kwamba nyuma ya majina hayo yuko Mmoja. Wabhatia walifuata njia ya Vallabhacharya (1479–1531), na hapo ndipo penye ufunguo wa habari ya Pemba. Njia hiyo inafundisha kumtumikia Krishna nyumbani, mara nyingi katika sura ya mtoto: huamshwa asubuhi, huvishwa, hutengewa chakula, hulazwa. Ibada ya namna hiyo hutimia chumbani. Haimdai mtu ajenge hekalu wala ahubiri sokoni, na mfanyabiashara wa mji mdogo aliweza kuitekeleza yote nyuma ya duka lake.

Tena mtu huingia katika dharma ya ukoo kwa kuzaliwa. Mhindu wa Kutch hakuona sababu ya kumtoa Muislamu katika dini ya wazazi wake, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na njia aliyozaliwa nayo. Watawala wa Kiibadhi na raia wa Pemba, wengi wao Masunni wa madhehebu ya Shafii, hawakuwa na cha kuhofia katika dini isiyowania waumini wao. Kuishi pamoja kwa zaidi ya miaka 100 kulitegemea sana jambo hili, na sidhani limepewa uzito unaostahili.

Atakuwepo wa kusema kwamba kujitenga huko kulikuwa dharau tu. Hoja hii haifai kupuuzwa. Sheria za usafi zilimkataza Mbhatia kula nyama, na zilimzuia kula kilichopikwa na mtu wa nje ya jamaa yake. Asiyealikwa mezani kizazi baada ya kizazi ana haki ya kuumia, na mfumo wa matabaka umewadhulumu watu wengi sana India kwenyewe. Lakini sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya Mpemba. Ziliwatenga Wahindu wao kwa wao, na zilimbana mfuasi mwenyewe. Kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa ni hatari kwa usafi wa mtu, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Mabaniani waliwaacha wake zao Kutch, wakaishi ugenini bila familia kwa miaka.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Wakati wa Diwali, sikukuu ya taa, wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua daftari jipya la hesabu na kulifanyia ibada mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Mtu akisikia hivyo atasema riba ilitakaswa madhabahuni. Lakini kuliombea daftari baraka ni kukiri kwamba faida ina mwenye kuitoa, na sheria ya Kihindu yenyewe ina kanuni, damdupat, inayokataza riba inayodaiwa kupita kiasi cha mkopo. Ushahidi wa Zanzibar ndio unaonishawishi zaidi. Tharia Topan, aliyeshika forodha mwaka 1876, alikuwa Khoja Muislamu. Mabohora, Waislamu wengine wa Kihindi, nao walikopesha. Hata chombo cha kukopeshea kilitoka katika fiqhi ya Kiislamu: bei khiyari, ambapo mwenye shamba aliliuza kwa maandishi huku akibaki na haki ya kulikomboa. Baniani alitumia sheria aliyoikuta. Kilichomfunga mkulima ni zao linalozaa mwaka huu na kugoma mwaka ujao, huku fedha zikiwa mikononi mwa wachache.

Simtetei Baniani kwa kila jambo. Dini yake inafundisha kutodhuru kiumbe, na bado Wahindi wa Zanzibar, Wahindu wakiwemo, walimiliki watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwaacha huru watumwa wao kwa maelfu. Methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa ilitoka kwa watu waliomhitaji mtu huyu na wakamlalamikia, na walikuwa na sababu za yote mawili.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasichukuliwe kwa madeni, na serikali ya India ikamtuma afisa wake K. P. S. Menon kuchunguza. Mwaka 1937 Chama cha Wakulima wa Karafuu kilipopewa ukiritimba wa kununua karafuu za kusafirishwa nje, Wahindi waligoma kuzigusa, na chama cha Congress kikaunga mkono mgomo huko India hadi mapatano ya Mei 1938. Katika mgomo huo Wahindu na Waislamu wa Kihindi walisimama upande mmoja. Kama madhehebu ndiyo yangekuwa kiini cha ugomvi wa karafuu, wangegawanyika.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wahindi wengi waliondoka visiwani. Unguja, walikobaki Wahindu wa kutosha, hekalu la Hurumzi linaendelea na ibada. Pemba idadi yao ilikuwa ndogo, na dini ya nyumbani huhama na wenye nyumba. Kutoweka kwake huko hakumaanishi kwamba ilishikwa kwa ulegevu. Huko Leicester, Uingereza, ambako Wahindu wa Afrika Mashariki walikusanyika kwa maelfu, dini hiyo hiyo ina mahekalu, na Diwali husherehekewa barabarani.