Mkojo wa farasi, risasi zilizopasuka na suala la vyanzo

Najua nimewakaushia, testi zilibana. Leo ni historia, ila msikimbie, Mkutano wa Berlin haumo humu.

Kwenye semina zetu kuna wimbo haukomi: Vita Kuu ya Kwanza ilisababishwa na risasi za Sarajevo mwaka 1914, basi, kalamu chini. Mimi nakataa, na mfano wangu ni ganda la risasi. Twende taratibu.

Ganda la risasi ya bunduki hutengenezwa kwa shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kwa kawaida asilimia 70 kwa 30. Kiwandani linaanza kama kisahani. Kinasukumwa na kuvutwa kwenye mashine mpaka kinakuwa kikopo kirefu chembamba. Sasa kila kinapovutwa kikiwa baridi, madini yanazidi kuwa magumu na yanabaki na mkazo ndani. Kwa macho huoni kitu. Linang'aa kama pete ya harusi.

Jeshi la Waingereza kule India lilikuwa na tatizo moja la ajabu. Msimu wa mvua shughuli za kijeshi zilipungua, na risasi ziliwekwa kwenye mabanda ya farasi kusubiri ukame. Kuja kuzitoa, maganda mengi yamepasuka, hasa shingoni pale yanapoibana risasi. Wakauita mpasuko wa msimu. Umeona hapo? Hata jina lenyewe linasukumia lawama hali ya hewa.

Maelezo yakaja mwaka 1921, kutoka kwa Moor, Beckinsale na Mallinson. Mkojo wa farasi hutoa amonia. Amonia ikikutana na shaba inatengeneza kitu kinachoyeyuka kwenye maji, na ufa unaendelea kuchimbika. Lakini amonia peke yake isingeleta nyufa za namna ile. Ilihitaji ganda ambalo tayari lina mkazo ndani. Na mkazo nao ungeweza kukaa kimya tu kama banda lisingekuwepo. Viwili vikakutana, ganda likaenda na maji.

Dawa waliyopata ndiyo inayonifurahisha. Ganda likishatengenezwa, linapashwa moto kidogo ili mkazo utoke. Mafundi wa shaba wanaijua siri hii tangu zamani: ukigonga shaba ikaanza kugoma, irudishe motoni, italainika.

Mpaka leo kuna watu, hasa Marekani, wanaotumia ganda lilelile mara nyingi kwa kulijaza upya. Kila likipigwa linatanuka, kisha linabanwa kurudi saizi yake, na shingo inazidi kuwa ngumu mpaka inachanika. Basi wengine wanajiundia mashine nyumbani. Gurudumu lenye vitundu linazungushwa polepole na mota ndogo, ganda moja moja linapita mbele ya moto wa gesi, shingo inapata joto kwa sekunde chache, halafu linadondoka kwenye chombo. Kwa nini wasishike tu kwa mkono? Kwa sababu muda ndio kila kitu, na kasi ya mota ndiyo saa yao. Moto ukizidi na kushuka hadi kitakoni, balaa. Kitako lazima kibaki kigumu kwa sababu ndicho kinachobeba nguvu ya mlipuko, na anayeumia ni mwenye bunduki.

Sasa tazama. Hakuna kati ya hao anayehangaika na farasi. Wote wanashughulika na kilichomo ndani ya madini.

Turudi Sarajevo. Zile risasi ndizo amonia. Mkazo ulikuwa ndani ya Ulaya miaka mingi: mapatano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ugomvi wa makoloni. Ukisema Sarajevo tu, nieleze Tanga. Novemba 1914 wanajeshi walioletwa kutoka India walishushwa pale kupigana na Wajerumani na askari wao Waafrika. Mtu wa Tanga alimkosea nini mrithi wa kiti cha ufalme cha Austria? Hakuna. Vita vilimfuata kwake kwa sababu ya mkazo wa makoloni, ambao haukuanza siku ile.

Ndiyo maana jibu la mstari mmoja linaniudhi. Sisi tunakwenda kuwa walimu jamani. Mwanafunzi akizoeshwa kutafuta kisababishi cha mwisho tu, akikua ataona fujo sokoni na kumlaumu aliyerusha jiwe la kwanza, asiulize watu walikuwa wanabanwa na nini tangu lini.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, kipindi cha vyanzo vya vita nitaanza na swali moja ubaoni: nani alipasua risasi, farasi au kiwanda? Darasa likigawanyika, kazi yangu nusu imekwisha.

Wewe ungejibu nini? Mwaga maoni hapo chini, ila ukiandika Sarajevo tu, sikupi maksi.