Tarehe ya Hoteli za Chai za Bulla Pesa

Wazee wa Kiisaak wa Isiolo hushikilia kwamba mji huo uliasisiwa na wao, na ingawa dai hilo hupingwa na majirani zao kila ugomvi wa ardhi unapozuka, tarehe hii inawaunga mkono angalau katika jambo moja, nalo ni hoteli ya chai, yaani nyumba ambamo mpita njia na mwenyeji hununua chai, anjera na nyama, wakaketi kusikiliza habari za njia na bei za mifugo, kisha wakaenda zao. Bulla Pesa, mtaa wa mji huo, imejaa nyumba za namna hiyo, na asili yake haiwezi kuelezwa pasipo kuanza na watu waliozoea, kabla ya kufika Isiolo, kuishi kwa kuwahudumia wasafiri.

Waisaak ni Wasomali wanaojinasibisha na Sheikh Isaak bin Ahmed, sharifu ambaye mapokeo yao yanasema alivuka bahari kutoka Arabuni, akaoa katika pwani ya Somalia na kuzikwa Maydh, mahali ambapo kaburi lake huzuriwa hadi leo. Kizazi chake kilienea Berbera, Hargeisa na Adeni, bandari ambayo iliwatawanya duniani: wengine walipakiwa melini kuwa wachochea makaa, wakaishia Cardiff, huko Wales, ambako baadhi yao walifungua nyumba za kulala na kula kwa ajili ya mabaharia wenzao, wengine walifuata misafara na majeshi ya Waingereza hadi Kenya, wakiwa askari, wakalimani na wachuuzi wa mifugo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyomalizika mwaka 1918, askari wastaafu miongoni mwao walikaa Isiolo pamoja na mifugo yao, na wazao wao husema kwamba ardhi hiyo ilikuwa malipo ya utumishi. Serikali ya kikoloni iliwaona kuwa watu wa daraja la pekee, kwani sheria ya mwaka 1919 iliwaruhusu baadhi ya Wasomali kuondolewa katika kundi la wenyeji kwa mambo fulani ya kisheria.

Jambo hilo la daraja ndilo lililozaa mzozo ambao haustahili kupitwa, hata kama hauhusiani moja kwa moja na chai. Kuanzia mwaka 1936 hadi 1941 Waisaak wa Kenya walipigania kutozwa kodi ya kichwa kwa kiwango cha Waasia, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko walichopangiwa, kwa hoja kwamba wao ni wa asili ya Uarabuni na hawafai kuhesabiwa pamoja na Waafrika. Walituma maombi, wakaajiri mawakili, wakaandika hadi London. Ni nadra katika historia ya makoloni kuona raia wakigombana na serikali ili watozwe zaidi, na maofisa waliozoea kukimbiwa na walipa kodi walishindwa kujua la kuwafanya. Fedha haikuwa shabaha, kwa kuwa aliyelipa kodi ya Mwasia alitumaini kupata haki za Mwasia katika mgao wa chakula, hospitali na ruhusa ya kutembea. Hatimaye hawakuzipata haki hizo, lakini kiburi chao cha ukoo kilibaki, na kila anayeandika tarehe ya Isiolo hukutana nacho.

Ama hoteli yenyewe, iliotea pale palipokuwa na kungoja. Isiolo ilikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa ambalo hakuna aliyeingia wala kutoka bila kibali, na palikuwa pia na karantini, yaani malisho ya kuzuilia ng'ombe waliotoka kaskazini hadi wathibitishwe kuwa hawana sotoka wala homa ya mapafu. Mchungaji aliyezuiliwa na mifugo yake, na dereva aliyekuwa hajapata karatasi, wote walihitaji kula mahali ambapo hawakuwa na ndugu. Waisaak walikuwa tayari hapo, wenye maduka, sukari na majani ya chai, na hapana ubishi wa maana unaoweza kuwaondolea nafasi hiyo.

Majirani zao Waborana hujibu kwamba ukarimu wa Waso, nchi ya mto Ewaso Ng'iro, ni wa zamani kuliko duka lolote, na hutaja buna qalaa, kahawa ambayo buni zake nzima hung'atwa ncha, zikakaangwa katika samli, zikatiwa maziwa na kuliwa huku mzee akiomba amani na mvua. Desturi hiyo ni adhimu, na hakuna hoteli inayoweza kuifikia kwa heshima. Hata hivyo buna qalaa hutolewa nyumbani, na mgeni haulizwi bei. Kwa sababu hiyo ni ushahidi wa ukarimu, wala si ushahidi wa biashara, na anayeitumia kudai hoteli anachanganya mambo mawili.

Jamii nyingine pia zilikuwa na sehemu yake katika mji huo: Wameru walileta miraa kutoka vilima vya Nyambene. Waturkana, Wasamburu, Waarabu na Wahindi nao walikuwapo.

Huko Uingereza, nyumba ya bia ya kijiji hujulikana kwa ubao wake wenye picha, desturi iliyotiwa nguvu na amri ya Mfalme Richard wa Pili mwaka 1393 iliyowalazimisha wauza pombe kuweka alama mlangoni ili wakaguzi wawatambue. Hoteli ya Bulla Pesa hutambulikana kwa moshi. Baada ya swala ya alfajiri rojo ya anjera, iliyoachwa usiku kucha ichachuke, humiminwa juu ya kikaango kuanzia katikati na kuzungushwa kwa mgongo wa upawa hadi ukingoni, ikabaki na michirizi ya duara na vitundu upande wa juu, kisha huliwa kwa samli na sukari au kwa nyirinyiri, yaani nyama ya ngamia au ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikakatwakatwa tena na kukaangwa hadi ikauke, na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Chai hupikwa kwa maziwa ya ngamia, ambayo hubeba harufu ya moshi kwa kuwa chombo chake hufukizwa kwa vijinga kabla maziwa hayajakamuliwa, na mgeni anayeilalamikia harufu hiyo hujitambulisha mwenyewe kuwa mgeni.

Vita vya Shifta, uasi wa waliotaka kaskazini mwa Kenya iungane na Somalia, viliharibu mengi. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, watu wa Waso wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa na mifugo yao ikaangamia, na wengi waliofukarika wakahamia mjini. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia, yalifikiwa baina ya Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Muhammad Haji Ibrahim Egal, ambaye, na hili Waisaak hawalisahau, alikuwa Mwisaak.

Kwa miaka mingi baada ya hapo lami ilikomea Isiolo, na malori ya Marsabit na Moyale yalilala hapo yakisubiri msafara na askari wa kuyasindikiza, jambo lililozipa hoteli wateja wa usiku. Barabara ilipotiwa lami hadi Moyale katika muongo wa 2010, dereva aliweza kupita bila kusimama, na hoteli zikarudi kwa wenyeji. Shindano la hoteli hizo sasa ni la maziwa. Kinamama wachuuzi, wakiwamo wa ushirika wa Anolei, hupokea maziwa ya ngamia kutoka mazizini na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, ambako Wasomali wengi huyanunua, na kiangazi kikali kinapopunguza maziwa, mwenye hoteli wa Bulla Pesa hulazimika kuyanunua kwa bei ya Nairobi au kupika chai kwa maziwa ya pakiti.