Fedha za Chuo na Taabu za Mkulima

Watu wengi hudhani kwamba fedha za chuo kikuu hazina kazi ila kujenga madarasa, kununua vitabu na kulipa mishahara. Kumbe liko fungu jingine, dogo kwa kawaida, ambalo mwalimu hupewa ili aache ubao na chaki, aende mashambani akaulize jambo ambalo hakuna aliyelijua vizuri kabla yake. Fungu hili likielekezwa kwenye umaskini huzusha shaka. Mwenye njaa ataka chakula. Atanufaika na nini akijiwa na mgeni mwenye kalamu na karatasi ya maswali? Shaka hiyo haifai kupuuzwa. Mahali pazuri pa kuipima ni nchi iliyo chini ya Mlima Kenya, ambako wasomi wa vyuo vya Afrika Mashariki walichunguza maisha ya wakulima katika sehemu mbili: Mwea, penye mji wa Wang'uru, na Tetu, karibu na Nyeri.

Asafiriye kutoka Nairobi kwenda Embu hupita Wang'uru, au Ngurubani kama wengine waitavyo, akaona majaruba ya mpunga yakimeta kwa maji. Tambarare hii haikuwa hivyo siku zote. Ilikuwa nyika na malisho, mpaka mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipoanza mradi wa kuleta maji ya mito ya Thiba na Nyamindi kwa mifereji. Kazi nzito ya jembe na sepetu ilifanywa na mahabusu. Wakulima wa kwanza, wengi wao watu wasio na ardhi, waligawiwa ekari 4 kila jamaa. Neno hilo "waligawiwa" lisikudanganye, msomaji, kwa maana ardhi haikuwa mali yao. Mkulima alikuwa mpangaji kwa leseni. Alilima alivyoamriwa, alipeleka mpunga wake mahali pamoja tu, alikatwa gharama za maji na huduma, na akivunja kanuni aliweza kuondoshwa. Mwaka 1966 mamlaka hayo yakatiwa mikononi mwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Kwa hesabu ya magunia mradi ulikuwa wa kusifiwa, na sifa zake zilienea mbali.

Ni nani basi aliyekuwa na nafasi ya kutazama nyuma ya magunia? Chuo cha Makerere kilikuwa kimekwisha kuonyesha njia. Mwaka 1948 ilianzishwa huko Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki kwa fedha za maendeleo za serikali ya Uingereza. Chini ya Audrey Richards, aliyeiongoza tangu mwaka 1950, wachunguzi wake waliandika habari za vibarua waliohamia Buganda kutafuta kazi, na kitabu chao kikatoka mwaka 1954. Nairobi ilifuata mwaka 1965, ilipoundwa Taasisi ya Masomo ya Maendeleo katika chuo kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Shirika la Rockefeller la Marekani lilisaidia kwa fedha na kwa watu. Hata James Coleman, mkurugenzi wa taasisi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa pia mtumishi wa shirika hilo.

Msomaji mwangalifu atauliza kama mgeni alipaye hachagui swali pia. Ana haki ya kuuliza hivyo. Serikali changa ilitaka kujua mazao yataongezwaje, na mfadhili alitaka kusikia habari njema za maendeleo. Mwanamke wa Mwea, aliyesimama katika maji mpaka magotini akipalilia, hakuwa na fungu la kumtumia mtu aulize swali lake.

Hata hivyo swali lake liliulizwa. Mwaka 1973 kilichapishwa mjini München, Ujerumani, kitabu juu ya Mwea kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris. Chambers alikuwa ofisa wa utawala katika Kenya kabla ya uhuru, na baadaye akawa mtafiti katika taasisi ile ya Nairobi. Kitabu kina habari nyingi za maji, mameneja na mapato. Lakini sura iliyotajwa na wasomi mara nyingi tangu siku hizo ni ile ya Jane Hanger na Moris juu ya wanawake na uchumi wa nyumba.

Yaliyomo katika sura hiyo yanastahili kuelezwa kwa utulivu. Mke katika nchi walikotoka wapangaji alikuwa na shamba lake la mahindi na maharagwe. Alilima, akavuna, akalisha watoto, na ziada akaipeleka sokoni kwa shauri lake mwenyewe. Alipofika Mwea alikuta zao ni moja, nalo ni la mume. Mikono yake ilihitajiwa sana katika palizi na mavuno, pengine kuliko alivyozoea, lakini malipo yalikwenda kwa mwenye leseni, naye aghalabu ni mwanamume. Chakula walichokipenda nyumbani hakikuwa mchele bali mahindi na maharagwe, na hayo sasa ilibidi yanunuliwe, au yalimwe katika vipande vidogo vya ardhi nje ya majaruba baada ya kazi ya mpunga kwisha. Kuni zilikuwa haba katika tambarare. Nazo zikawa kitu cha kutafutwa mbali au kulipiwa. Hivyo nyumba iliingiza fedha nyingi kuliko zamani, na wakati uleule mama wa nyumba hiyo akawa na mahitaji mengi zaidi ya fedha na uwezo mdogo zaidi wa kuipata. Alipewa na mumewe sehemu ya mpunga ale au auze, na kiasi chake kilitegemea moyo wa mume.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daftari la malipo lilimjua mwenye leseni tu, na mkaguzi aliyehesabu magunia hakuwa na sababu ya kuuliza nani amenunua kuni. Mimi siioni njia ambayo habari hiyo ingalifika ofisini bila mtu kulipwa akae vijijini, asikilize na kuandika. Mavuno mazuri yalikuwa yamewafumba macho watu wema.

Katika tarafa ya Tetu, wilayani Nyeri, taasisi ya Nairobi ilikwenda na swali la namna nyingine. Mwaka 1966 chuo kiliitisha mkutano Kericho juu ya elimu, kazi na maendeleo ya vijiji, na kutokana na mashauri ya aina hiyo serikali ikaanzisha Mpango Maalumu wa Maendeleo Vijijini katika sehemu sita za majaribio. Tetu ilikuwa moja, na Mbere, jirani ya Mwea, ilikuwa nyingine. Watafiti Joseph Ascroft, Niels Röling, Joseph Kariuki na Fred Chege walitaka kujua bwana shamba humtembelea nani. Wakaona kwamba humwendea zaidi yule aliyekwisha endelea, mwenye ng'ombe wa maziwa na kahawa au chai, ilhali mkulima wa nyuma huachwa aitwe mvivu au mshupavu wa mila.

Hawakuishia kuandika. Mwaka 1971 waliwaita wakulima hao waliosahauliwa katika mafunzo mafupi, wakawafundisha kilimo cha mahindi chotara, na wakawapa mkopo wa mbegu na mbolea. Karibu wote waliofundishwa walipanda, na majirani wakaiga. Ikadhihirika kwamba kilichokosekana hakikuwa akili wala bidii. Hata leo, wakulima wanapolaumiwa kwa kukataa jambo jipya, ingefaa kwanza kuuliza kama walipata kuelezwa.

Habari kama hizi zilisaidia kubadili fikira za ulimwengu. Wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walipokuja Kenya mwaka 1972 kuchunguza ukosefu wa kazi, walitumia sana uchunguzi wa wasomi wa Nairobi, wakaandika kwamba shida kubwa ni ya watu wafanyao kazi siku kutwa na bado hubaki maskini. Chambers naye aliandika mwaka 1983 kwamba wataalamu huuona umaskini wa kando ya barabara ya lami tu, tena wakati wa kiangazi.

Lakini nani alirudi Mwea kuwasomea wenyewe? Mwaka 1998 wakulima walikataa kuipelekea Bodi mpunga wao, wakaupeleka kwenye chama chao cha ushirika. Pakatokea mapambano na polisi, na damu ikamwagika. Mamlaka ya mradi juu ya mpangaji, waliyoyakataa siku hiyo, yalikuwa yameelezwa miaka 25 kabla yake, kwa Kiingereza, katika kitabu kilichopigwa chapa ng'ambo.

Siku hizi vyuo vikuu vimesogea karibu. Nyeri ina Dedan Kimathi, Karatina ina chake, na Kirinyaga kilipata hati yake mwaka 2016. Sheria ya mwaka 2013 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi hicho hakijapata kutolewa kwa ukamilifu. Mwalimu wa Kirinyaga aweza kwenda Wang'uru asubuhi, akazungumza na mama wa majarubani kwa lugha ya kwao, na kurudi kabla ya jua kuchwa. Akosacho mara nyingi ni fungu la kumlipia siku hiyo.